Mti Uliotolewa Chunguni

Mwaka 1833, Tokugawa Ienari, shoguni (mtawala wa kijeshi wa Japani) wa 11 wa ukoo wake, alimtunuku Matsudaira Yorihiro, mtawala wa Takamatsu, msonobari mmoja uliopandwa chunguni. Takamatsu ni mji wa bandari katika kisiwa cha Shikoku, kusini mwa ile bahari ya ndani ya Japani iitwayo Seto, na watawala wake walikuwa na bustani kubwa, Ritsurin, iliyochukua zaidi ya miaka 100 kukamilika. Mti ulitolewa chunguni ukapandwa ardhini bustanini humo. Upo mpaka leo. Una urefu wa mita 8 hivi, na anayetaka kuuzungushia kamba shinani ajiandae na kamba ya mita 3 na nusu. Mizizi yake imejiinua juu ya ardhi, imepandana na kushikana, na juu yake limekaa shina ambalo hakuna chungu duniani kingelibeba.

Ng'ambo ya bahari hiyohiyo, Hiroshima, familia ya Yamaki ilikuwa na msonobari wa jinsi ileile, ule ambao sindano zake hutoka tano tano. Huo unahesabiwa kuwa umelelewa chunguni tangu mwaka 1625. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 ulikuwa uani, nyuma ya ukuta mrefu, kiasi cha kilomita 3 kutoka mahali bomu la atomiki lilipolipukia. Ukuta ukaukinga. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa uwe mmoja wa bonsai 53 ambazo Japani iliizawadia Marekani ilipotimiza miaka 200 ya uhuru, na tangu hapo umekaa Washington, katika bustani ya taifa ya miti. Wenyeji wake wapya waliijua habari ya bomu mwaka 2001 tu, wajukuu wa Yamaki walipokwenda kuutazama mti wa babu yao.

Basi tunayo misonobari miwili ya jinsi moja. Mmoja umekaa chunguni karibu miaka 400 na bado unawekwa juu ya meza. Mwingine ulitolewa, na kwa muda usiofika nusu ya huo umekuwa jitu. Tena huo wa Ritsurin haukuachwa ukue upendavyo. Bustani ile ina misonobari kama 1,400, na ipatayo 1,000 kati yake hupogolewa kwa mkono, tawi kwa tawi, na mafundi. Zile mita 8 ni za mti uliokuwa ukikatwa miaka yote hiyo.

Ninaanza na miti hii kwa sababu inalimaliza swali ambalo kila anayeanza bonsai huuliza, na ambalo wachuuzi wamelifanya mtaji. Mitandaoni, na hata katika vitalu vya miche vya mijini, huuzwa pakiti zimeandikwa "mbegu za bonsai". Hakuna mbegu za namna hiyo. Ndani ya pakiti mna mbegu za msonobari wa kawaida, au za mjakaranda, au za mti mwingine wowote, na ukizitupa shambani zitaota miti ya kufungia ng'ombe. Ufupi wa bonsai haumo mwilini mwa mti. Umo katika mkasi, na kwa sehemu katika chungu, na vitu hivyo viwili vikiondolewa mti huendelea na safari yake kutoka pale ulipokuwa umesimamishwa, kama ulivyofanya ule wa shoguni.

Likishaeleweka hilo, swali linabadilika. Watu hubishana kama bonsai ikuzwe chunguni au ardhini, kana kwamba mtu lazima achague kambi. Kwa maoni yangu ubishi huo ni wa bure. Ardhi hujenga shina. Chungu hujenga vitawi. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachoifanya vizuri kazi ya mwenzake. Kilicho kigumu, na ndicho kinachomtofautisha fundi na mpenda mapambo, ni kujua siku ya kuutoa mti upande mmoja na kuupeleka wa pili.

Tulitazame shina kwanza. Kati ya gome na mbao kuna utando mwembamba wa seli hai, kambiamu, na unene wote wa mti hutoka hapo. Majani hutengeneza chakula kwa jua, chakula hushuka kupitia upande wa ndani wa gome, na kambiamu hukitumia kuongeza mbao mpya. Majani mengi juu, mbao nyingi chini. Hesabu yake haina hila. Mti unaopogolewa kila wiki ili ubaki mzuri na mdogo ni mti usio na majani ya kutosha, kwa hiyo shina lake linabaki kuwa ufito. Ndiyo maana vyungu vingi vya kaure vya bei kubwa vimebeba vijiti. Mwenye mti aliuvalisha nguo za sherehe kabla haujapata mwili wa kuzivaa, na tangu siku hiyo mwili hauji.

Chungu nacho kina breki yake yenyewe, hata mkasi ukipumzika. Mwaka 2012 Hendrik Poorter na wenzake walikusanya tafiti 65 zilizopima mimea ya aina nyingi katika vyungu vya ukubwa tofauti. Walikuta kwamba, kwa wastani, chungu kikiongezwa ukubwa mara mbili, uzito wa mmea huongezeka kwa asilimia 43. Sababu kubwa waliyoiona ni kwamba mizizi iliyobanwa hufanya majani yenyewe yafanye kazi kwa ulegevu. Sasa chukua sinia la bonsai lenye kina cha sentimita 5 ulilinganishe na shamba, ambalo halina mwisho. Tofauti yake si ya miezi. Shina ambalo shambani lingehitaji miaka 8 au 10 linaweza kukuchukua umri wako wote ukiling'ang'ania chunguni, na bado usilipate.

Watu wa Takamatsu wanalijua hili kuliko karibu watu wote wengine, na si kwa sababu ya zawadi ya shoguni. Upande wa magharibi wa mji kuna sehemu mbili, Kinashi na Kokubunji, ambazo kwa pamoja hutoa karibu asilimia 80 ya bonsai zote za misonobari zinazozalishwa Japani. Mkoa wenyewe, Kagawa, ndio mdogo kuliko mikoa yote ya nchi ile. Udongo ni wa kichanga, unapitisha maji upesi. Mvua ni haba, majira ya baridi si makali. Kwa mpunga hiyo ni hasara. Kwa msonobari, mti uliozoea kusimama ufukweni na kula chumvi, ni neema. Zaidi ya miaka 200 iliyopita wenyeji walianza kuchukua misonobari ya porini iliyodumaa, kuilea chunguni na kuiuza. Baadaye wakaona kwamba ya porini itakwisha, na kwamba ni afadhali waipande wenyewe.

Anayefika Kinashi akitazamia rafu za mbao na vyungu vilivyopangwa atashangazwa kwanza na mashamba. Misonobari imepandwa mistari kwa mistari, jembe limepita katikati, na mingi haifanani kabisa na bonsai. Mti una shina nene lililopinda chini, halafu ghafla juu yake limechomoza tawi moja refu, wima, limeupita mti wenyewe mara mbili au tatu. Mgeni huona mti uliotelekezwa. Kumbe lile tawi ndilo linalofanya kazi yote. Ni tawi la kutolewa mhanga: limeachwa ili majani yake yaushibishe mwili ulio chini yake, na halitakuwepo katika mti utakaouzwa.

Hapa pana ufundi ambao vitabu vingi huupita mbio. Tawi hunenepesha shina lililo chini yake tu, kuelekea mizizini. Juu ya pale lilipotokea, shina halipati kitu kutoka kwake. Kwa hiyo mkulima akitaka shina liwe nene chini na lipungue taratibu kadiri linavyopanda, na hilo ndilo ambalo jicho la mtazamaji hulisoma kuwa uzee, hawezi kuacha tawi moja tu la juu. Huacha moja chini kabisa, jingine juu kidogo, na huyakata kwa zamu: la chini likishashibisha sehemu yake hukatwa, la juu linaendelea. Mti ulioachiwa kilele tu hutoka mnene juu na chini sawasawa, kama nguzo ya umeme. Miti kama hiyo imejaa kwa watu waliosikia "panda ardhini" wakaishia hapo, wakarudi baada ya miaka 5 na kukuta wana mti mnene usio na sura yoyote.

Kabla ya shamba kuna kazi ya miche. Mzizi mkuu, ule unaoshuka moja kwa moja, hukatwa mapema ili nguvu iende kwenye mizizi ya pembeni. Shina huviringishwa waya na kupindwa lingali laini, kwa sababu mapindo ya chini kabisa hayawezi kuongezwa baadaye. Likishafika unene wa chupa ya bia, lilivyo ndivyo litakavyokuwa. Halafu, likiwa shambani, kila baada ya miaka michache mti hung'olewa au huzungukwa kwa jembe na mizizi yake kukatwa. Usipofanya hivyo mti unajichimbia mizizi miwili mitatu minene inayokwenda mbali kutafuta maji, na siku ya kuutoa unakuta kwamba vimizizi vyote vinavyonyonya viko mita 2 kutoka shinani, nje ya chungu chochote unachoweza kukinunua. Wapo wanaoweka kigae au kibao bapa chini ya mche wakati wa kuupanda, mizizi ikakosa njia ya kushuka na kulazimika kutambaa kila upande. Wakulima wa miti ya mepo (maple) Japani wamefika hatua ya kuipigilia mizizi misumari juu ya ubao, mmoja mmoja, ili ikae kama miale ya jua. Nikiwatazama wanaofanya hivyo nashindwa kuamua kama ni bustani au useremala, ila matokeo yake hayana mpinzani.

Shamba linatoa unene, lakini linatoza. Mti ulioshiba hurusha matawi yenye nafasi kubwa kati ya jani na jani, na majani yenyewe huwa makubwa, na hakuna mkasi utakaozirudisha nafasi hizo zikishakomaa. Matawi yote ya namna hiyo mwishowe hukatwa na kuanzishwa upya. Makovu ni makubwa, japo ukweli ni kwamba ardhini hufunga haraka sana kuliko chunguni, na fundi mwenye busara hafanyi mkato mkubwa siku mti ukiwa njiani kuingia chunguni. Huufanya miaka kadhaa kabla, mti ukiwa bado na nguvu za kujiziba. Kuna pia gharama isiyoandikwa popote: shamba humfanya mtu asahau. Mti ulio mezani unakutazama kila asubuhi. Ulio shambani unakungoja, na msimu mmoja wa mvua ukiupita bila kukata tawi lililozidi, kasoro ya miaka 10 imekwishaingia.

Chungu sasa. Msonobari mweusi, mti mkuu wa Kinashi, kila majira ya machipuko husukuma vichipukizi virefu ambavyo watu wa bonsai huviita mishumaa. Ukivikata mwanzoni mwa kiangazi, mti hutoa vichipukizi vingine mwaka huohuo, viwili au zaidi pale palipokuwa na kimoja, na sindano zake huwa fupi. Ukirudia miaka kadhaa, tawi lililokuwa na ncha moja linakuwa na ncha nyingi, na mti wa nusu mita unaanza kusomeka kuwa mti wa mita 20 unaotazamwa kutoka mbali. Udogo wa sindano, wingi wa vitawi, gome linalopasuka na kubaki mahali pake kwa kuwa shina halitanuki kwa kasi: hayo yote ni kazi ya mti unaokua polepole, na polepole hiyo hutolewa na chungu. Shambani mti ungezijibu zile ncha kwa hasira ya nguvu, ukakurudishia fimbo.

Lakini chungu kina sheria ya maji ambayo shamba halina, na kutoijua kumeua bonsai nyingi. Chukua sifongo la kuoshea vyombo, lichovye likolee maji, ulishike bapa mpaka liache kudondoka. Sasa lisimamishe wima. Linaanza kudondoka tena. Sifongo ni lilelile, kilichobadilika ni kimo. Udongo nao hushika maji kwa namna hiyo: chini ya chungu chochote hubaki tabaka lililoloa kabisa, na unene wa tabaka hilo hutegemea ukubwa wa punje za udongo, hautegemei kina cha chungu. Katika ndoo ndefu, sentimita 4 za matope chini hazimdhuru mtu. Mizizi inakaa juu yake. Katika sinia lenye kina cha sentimita 5, sentimita 4 hizo ndizo nyumba yote. Tundu la kutolea maji halisaidii, wala kokoto za chini hazisaidii, ingawa bibi zetu wote walituwekea kokoto. Tabaka la maji linapanda tu juu ya kokoto na kuibana mizizi zaidi. Dawa ni punje kubwa. Ndiyo sababu watu wa bonsai wanachekecha mawe mepesi ya volkano na udongo mgumu wa kuokwa, wanatupa vumbi, na wanabaki na punje za milimita 2 hadi 6. Udongo mzuri wa shamba, uleule uliolinenepesha shina, ukiuweka sinia unakuwa sumu.

Kwa hiyo siku ya kuhama ni siku ya hatari, na hakuna anayeutoa mti shambani akauweka moja kwa moja kwenye chungu cha maonyesho, isipokuwa anayeuza kwa asiyejua. Mti hupita kwanza kwenye sanduku la mbao au beseni la plastiki lililotobolewa, pana na la kina cha kutosha, humo ukae mwaka mmoja au miwili mpaka mizizi mipya ijae. Baadaye chombo hupunguzwa. Msonobari una masharti zaidi: mizizi yake huishi kwa ushirika na kuvu, na ukiuosha udongo wote wa zamani kwa mara moja unaweza kuupoteza. Husafishwa nusu, upande mmoja, na upande wa pili husubiri zamu yake miaka kadhaa baadaye.

Biashara ya nje imeongeza sharti jingine, na limewalazimisha wakulima wa Kagawa kufikiri upya ratiba zao. Umoja wa Ulaya, kwa hofu ya minyoo wa udongo na wadudu wengine, uliweka kanuni kwamba misonobari midogo kutoka Japani lazima iwe imelelewa katika vitalu vilivyosajiliwa kwa angalau miaka miwili mfululizo kabla ya kusafirishwa, na muda huo iwe vyunguni, juu ya rafu zilizoinuliwa sentimita 50 kutoka ardhini au juu ya saruji ambayo minyoo hawapenyi. Mti unaweza kuwa ulizaliwa na kukua mavumbini. Ukitaka kwenda Ulaya sharti usiguse tena ardhi.

Je, kila bonsai ipitie shamba? Hapana, na hapa hesabu ndogo inaokoa miaka mingi. Kipimo ambacho mafundi wengi hukianzia ni urefu wa mti kuwa kama mara 6 ya upana wa shina lake chini. Mti wa sentimita 60 unataka shina la sentimita 10; bila ardhi, sahau. Mti wa sentimita 20, wa kushikwa kwa mkono mmoja, unataka sentimita 3 na kidogo, na hilo chungu cha kawaida kinaweza kukupa ikiwa utauachia mti upumue misimu michache. Anayeishi ghorofani mwenye baraza la hatua mbili hana haja ya kununua kiwanja. Atengeneze miti midogo. Na wapo wanaopenda mti mwembamba, mrefu, wenye majani machache kileleni, mtindo ambao wachoraji wasomi wa China waliupenda. Huo ukiupeleka shambani unauharibu.

Kati ya shamba na chungu kuna vitu vya katikati, na kwa mtu wa kawaida ninavipenda kuliko vyote viwili. Kapu la plastiki lenye matundu pande zote, gunia, kiroba cha kitambaa: mzizi ukifika ukingoni ukakutana na hewa, ncha yake hukauka, na nyuma yake hutoka mizizi mingine. Badala ya mizizi kuzunguka chungu kama ilivyo kawaida yake, hujigawa. Wengine hulifukia kapu hilo ardhini hadi shingoni, mizizi ikapenya nje na kula shamba, na siku ya kung'oa hukata kilichotoka nje na kubaki na donge lililojaa vimizizi. Unapata sehemu kubwa ya kasi ya shamba, na mgongo wako unanusurika.

Anayejaribu haya Afrika Mashariki asinakili kalenda ya Japani. Msonobari wa Kinashi hulala baridini, na kuung'oa ukiwa usingizini ni rahisi. Mkwaju haulali hivyo, wala mvinje, wala mti wowote wa jamii ya mkuyu. Hapa kalenda ni ya mvua: miti hii huhamishwa mvua zinapoanza, wakati macho yanavimba na mizizi iko tayari kujibu, na kwenye joto la pwani huwekwa kivulini wiki kadhaa. Mkwaju una mzizi mkuu wa ukaidi, kwa hiyo ule ushauri wa kuukata mche ungali mchanga ni wa lazima kwake. India na Indonesia wameutengenezea bonsai za kutisha kwa uzuri. Mvinje, tunaoupanda ufukweni kuzuia mchanga na kupata boriti, ni kipenzi cha mafundi wa Taiwan. Jiwe jepesi la volkano tunalo la kumwaga katika Bonde la Ufa, na halihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Mchwa tunao pia. Shambani hawachelewi kuingia katika kovu lililokauka, na hili peke yake ni sababu ya kukagua miti ya ardhini mara nyingi kuliko Mjapani anavyofanya. Na chungu cheusi cha plastiki kwenye jua la Mombasa hupika mizizi iliyo upande wa magharibi. Kifunike, au kizike.

Pwani ina pia vyungu visivyotengenezwa na mtu. Juu ya miamba ya matumbawe, mawimbi yanapofika, huota kichaka ambacho wataalamu hukiita Pemphis acidula. Kinapatikana kuanzia pwani yetu hadi visiwa vya Pasifiki. Mizizi yake imebanwa katika ufa wa jiwe, upepo unakipogoa, chumvi inakinyima chakula, na baada ya miaka mingi kina shina zito lililosokotwa ambalo shamba haliwezi kulitoa. Wafilipino na Waindonesia wanakithamini kupita kiasi, na uchimbaji umekimaliza katika fukwe zao nyingi. Nakitaja kwa kusita. Kimechukua muda mrefu kuwa vile, na wengi wa wanaoking'oa hukiua.

Kwa asiye na subira ya miaka 10, Uganda ina njia ya mkato ambayo Kinashi hawana. Waganda, kwa karne nyingi, wamevuna gome la mutuba, Ficus natalensis, na kulitwanga liwe nguo. Ufundi huo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Mutuba haupandwi kwa mbegu. Hukatwa kigingi kinene, kikachomekwa ardhini mwanzo wa mvua, kikaota mizizi na kuwa mti. Maana yake ni kwamba shina la unene wa mkono unaweza kulikata leo, likawa na mizizi kabla ya mwaka kwisha, ukaruka hatua yote ya shamba. Uuweke mbali na msingi wa nyumba na mabomba, kwa kuwa jamii hii haina adabu na saruji. Kasoro yake iko chini: kigingi hakina tako, kimenyooka tu kama kilivyokatwa, na mizizi yake hutoka upande mmoja ikitaka. Kwa mti wowote mwingine hiyo ingekuwa hukumu ya mwisho. Mutuba hushusha mizizi ya hewani kutoka kwenye shina na matawi, ambayo ikigusa udongo hunenepa na kukijengea kigingi tako jipya, mradi hewa ina unyevu wa kutosha. Kampala itashuka yenyewe. Dodoma itabidi ulifunge shina kwa kuvumwani (moss) yenye maji na kulifunika kwa nailoni, na hata hivyo usitazamie mengi wakati wa kiangazi.